"Mama mdogo, ile nyota ina homa?"

Ilikuwa saa tatu usiku, mwishoni mwa Oktoba, na umeme ulikuwa umekatika. Tulikuwa tumetandika mkeka nje ya nyumba ya dada yangu hapa Matiri, wilayani Mbinga, tukisubiri uji upoe. Mtoto wake wa miaka saba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarudiwa na nguvu baada ya malaria, alikuwa amelala chali akiangalia juu.

"Mama mdogo," akaniita, "ile nyota ya pale juu ya mwembe ina homa?"

Dada akacheka. "Nyota haiumwi, baba. Kunywa uji."

"Sasa mbona mwalimu alisema nyota ni za moto? Ina moto kiasi gani? Nani aliipima?"

Dada akanigeukia. "Haya, msomi, jibu."

Sikuwa na jibu. Mimi naandika habari za afya: chanjo, lishe, kliniki ya wajawazito. Nyota naziona kama unavyoziona wewe mzazi unaposoma hapa kwenye simu yako. Nikamwambia mtoto nitatafuta, naye akakubali kwa sharti kwamba nisisahau.

Sikusahau, kwa sababu swali lake lilinigusa pabaya. Siku tatu kabla ya usiku ule, mtu aliyepima vibaya joto la mtoto huyo nilikuwa mimi.

Miguu ya baridi, tumbo la moto

Jioni ile alirudi kutoka kucheza akiwa mnyonge. Akajikunja chini ya blanketi, akaanza kutetemeka. Nilikaa kando yake nikashika mikono yake, kisha miguu. Ilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Nikamwambia dada, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba homa haipo, ni baridi ya jioni tu, apewe chai ya moto alale.

Dada hakubishana nami. Alipitisha mkono chini ya blanketi akaweka kiganja tumboni, kisha mgongoni. "Mdogo wangu, huyu anaungua," akasema.

Kipimajoto kilikuwa ndani ya begi langu muda wote huo. Tulikiweka kwapani, na kilipolia kilionyesha nyuzijoto 39.4. Kabla ya saa sita usiku tulikuwa kituo cha afya, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akaanzishiwa dawa mseto. Siku ya tatu alikuwa kwenye mkeka akiuliza habari za nyota.

Nilijua tangu chuoni kwa nini miguu ilikuwa baridi, ila nilisahau nilipokihitaji kile nilichojua. Homa inapopanda, mwili hubana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ya mikono na miguu ili joto lisipotee. Mtoto anahisi baridi na anatetemeka, vidole vinapoa, huku kifuani na tumboni joto likizidi kupanda. Ukishika miguu peke yake utadanganyika.

Kwa hiyo swali la kwanza si "joto ni ngapi?" Swali la kwanza ni "umepima wapi?"

Nilipoanza kusoma ili nimjibu mtoto wa dada, nilikuta wataalamu wa elimu ya nyota nao wamehangaika na swali hilohilo kwa karibu miaka 100. Na nyota aliyoinyooshea kidole juu ya mwembe ni mojawapo ya zilizowahangaisha zaidi.

Mwisho wa mto

Nyota ile inaitwa Achernar. Jina limetoka kwenye Kiarabu, *akhir an-nahr*, maana yake mwisho wa mto. Anayejua neno la Kiswahili "akhiri" atasikia udugu wake hapo. Mto wenyewe ni mstari mrefu wa nyota ambao watu wa kale waliufananisha na mto unaopinda angani, na Achernar ndipo unapoishia.

Kwetu kusini mwa Tanzania inaonekana vizuri. Kuanzia Oktoba hadi Januari, geuka kusini baada ya saa mbili usiku. Utaona nyota moja yenye weupe wa kuelekea bluu, iko peke yake, haina jirani mwenye kung'aa. Ukisubiri, chini zaidi upande wa kushoto itachomoza nyingine inayong'aa kuishinda. Hiyo ni Canopus, ambayo watu wa pwani huiita Suheli.

Mwanga wa Achernar unachukua karibu miaka 140 kutufikia. Ule ulioingia machoni mwa mtoto wa dada usiku ule uliondoka huko kabla Vita vya Maji Maji havijapiganwa.

Sasa, utapimaje joto la kitu kilicho mbali kiasi hicho?

Kupima bila kugusa

Mzazi, njia hiyo umeshaiona. Mwaka 2020, wakati wa korona, ulisimama mlangoni mwa benki au hospitali, mtu akakuelekezea kifaa mfano wa bunduki kwenye paji la uso, namba ikatokea. Hakukugusa. Kifaa kile kilisoma mwanga unaotoka kwenye ngozi yako.

Kila kitu chenye joto hutoa mwanga. Mwanga wa mwili wa binadamu ni wa aina ambayo macho hayaoni, ila kifaa kinauona. Kitu kikizidi kupata moto, mwanga wake unaanza kuonekana na rangi yake inabadilika. Chuma kwenye moto wa mhunzi huanza kwa wekundu, kikaenda kwenye njano, kisha weupe. Mhunzi mzoefu hahitaji kugusa, anasoma rangi.

Nyota husomwa vivyo hivyo. Betelgeuse, inayochomoza mashariki usiku wa Desemba, ni nyekundu, na uso wake una nyuzijoto karibu 3,300. Jua letu lina kama 5,500. Achernar, yenye weupe wa bluu, inapita 10,000.

Ningeweza kumjibu mtoto hapo na kumaliza. Namba moja, akalale. Lakini namba hiyo ingekuwa kama jibu langu la miguu ya baridi.

Nyota inayozunguka kama pia

Kila nyota inajizungusha yenyewe. Jua letu ni la polepole: sehemu yake ya katikati inachukua siku 25 hivi kukamilisha mzunguko mmoja. Achernar ni pana kiunoni mara tisa kuliko Jua, lakini inamaliza mzunguko wake kwa takriban siku moja na nusu. Ukifanya hesabu, kiuno chake kinakwenda karibu kilometa 300 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, safari ya Songea hadi Dar es Salaam, ambayo basi huikata kutwa nzima, ingechukua sekunde tatu na kitu.

Kasi hiyo inajulikanaje? Fikiria bodaboda inayokuja ikipiga honi. Inapokukaribia sauti ni nyembamba, ikikupita inakuwa nzito. Mwanga nao hubadilika hivyo. Upande mmoja wa nyota unakuja kwetu, mwingine unatukimbia. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kioo unaotengeneza rangi za upinde wa mvua, huonekana ndani yake mistari miembamba ya giza. Kwenye nyota inayozunguka kwa kasi, mistari hiyo hutanuka kwa sababu ya huku kuja na huku kwenda. Kadiri inavyotanuka, ndivyo kasi ilivyo kubwa.

Na kitu laini kikizungushwa kwa kasi hutanuka kiunoni. Umeona sketi ya mcheza ngoma anapojizungusha. Umeona tope linavyoruka kutoka kwenye gurudumu. Hata Dunia yetu imetanuka kidogo: kutoka kitovu chake hadi ikweta ni kilometa 6,378, lakini hadi kwenye ncha ni kama 6,357. Tofauti ni kilometa 21 tu, huwezi kuiona kwa macho.

Nyota kama Achernar si mwamba, ni gesi. Wataalamu walitarajia iwe imebonyea kama boga. Kutarajia ni jambo moja na kupima ni jingine.

Sarafu iliyoko Addis Ababa

Ugumu uko hapa. Nyota ni kubwa, lakini kwa umbali wake inaonekana ndogo mno. Kuona upana wa Achernar ni sawa na kukaa Matiri ukaangalia sarafu ya sentimita mbili hivi iliyoshikwa na mtu aliye Addis Ababa, Ethiopia. Na huambiwi tu useme kama unaiona. Unatakiwa useme kama ni ya duara au imebonyea.

Darubini moja haiwezi. Ili kuona kitu kidogo kiasi hicho ungehitaji kioo cha darubini chenye upana wa uwanja wa mpira au zaidi, na kioo cha namna hiyo hakuna aliyekitengeneza. Wataalamu wakatumia ujanja. Wanachukua darubini mbili ndogo, wanaziweka mbali kama urefu wa uwanja wa mpira, kisha wanaunganisha mwanga unaoingia katika zote mbili.

Waliokulia Liuli au Mbamba Bay wataelewa haraka. Mitumbwi miwili ikipita ziwani, mawimbi yake yakikutana, kuna mahali maji huinuka zaidi na kuna mahali hutulia. Mwanga nao husafiri kwa mawimbi. Mwanga wa darubini mbili ukikutana, hutengeneza mistari ya mwangaza na giza mfano wa pundamilia.

Kama nyota ni ndogo kama nukta, mistari inakuwa safi. Kama ina upana, kila sehemu yake hutengeneza mistari yake iliyosogea kidogo, na yote kwa pamoja inafifia. Kiasi cha kufifia ndicho kinachowaambia upana wa nyota. Dunia inavyozunguka usiku kucha, darubini zinaikabili nyota kwa mielekeo tofauti, na hivyo inapimwa huku na huku. Ni kazi ya fundi cherehani: kiuno, kisha urefu.

Mwaka 2003, timu iliyoongozwa na Armando Domiciano de Souza ilitoa vipimo vya Achernar vilivyochukuliwa hivyo katika kituo cha Paranal, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile. Matokeo yaliwashangaza wengi. Nyota ilionekana kuwa na upana uliozidi kimo chake kwa zaidi ya nusu, kuliko hesabu za wakati ule zilivyoweza kueleza.

Wakarudia. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014, vyenye kifaa bora zaidi na vilivyochukuliwa wakati nyota haikuwa na ukungu wa gesi ambao huitupa nje mara kwa mara, vilipunguza namba. Kiuno kimezidi kimo kwa kama asilimia 35. Bado ni boga, ila si boga la kukanyagwa.

Hapo nilisimama kidogo. Watu wenye darubini za thamani kubwa kuliko ninavyoweza kukadiria walipima mara ya pili, na hawakuona aibu kubadilisha namba. Mimi niliona haya kutoa kipimajoto kwenye begi kwa sababu nilikuwa nimeshasema.

Ncha za moto, kiuno kilichopoa

Sasa turudi kwenye joto. Mwaka 1924 mtaalamu wa Sweden, Hugo von Zeipel, alionyesha kwa hesabu kwamba nyota inayozunguka kwa kasi haiwezi kuwa na joto moja uso mzima. Kwenye ncha, uso uko karibu na kitovu, uvutano una nguvu na gesi inabanwa sana, kwa hiyo joto jingi linatoka. Kiunoni uso umesogea mbali, na mzunguko unapunguza nguvu ya uvutano. Gesi inalegea, joto linalotoka ni kidogo, na mwanga unafifia.

Kwenye Achernar tofauti hiyo si ndogo. Ncha zina nyuzijoto karibu 17,000. Kiunoni ni kati ya 12,000 na 13,000. Nyota moja, tofauti ya zaidi ya nyuzijoto 4,000.

Mwaka 2007 wataalamu wakiongozwa na John Monnier wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliunganisha darubini nne zilizoko Mlima Wilson, California, wakapata picha ya uso wa nyota iitwayo Altair. Hiyo ni nyota ya jirani, mwanga wake unatufikia kwa chini ya miaka 17, na inajizungusha mara moja kwa saa chache tu. Jina lake nalo ni la Kiarabu, lenye maana ya anayeruka, na lina udugu na "tiara", ile karatasi watoto wanayorusha kwa uzi. Picha ilionyesha yai lililolala, likiwa na mwangaza kwenye ncha na utepe uliofifia kiunoni. Hesabu ya von Zeipel ilithibitika kwa macho, ingawa utepe ule ulikuwa umepoa hata kuliko ilivyotabiriwa.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Vega. Kwa miaka mingi nyota hiyo ilikuwa kama jiwe la mizani. Wataalamu walipotaka kupima mwangaza wa nyota nyingine, waliilinganisha na Vega, kwa sababu ilionekana tulivu na ya kawaida. Mwaka 2006 vipimo vya kuunganisha darubini vikaonyesha kwamba Vega nayo inazunguka kwa kasi kubwa. Haikujulikana mapema kwa sababu imetuelekezea ncha yake, kama pia unayoiangalia kutoka juu. Huoni upande unaokuja wala unaokwenda. Unachokiona ni utosi wake, yaani sehemu yake yenye moto kuliko zote.

Mtu aliyeko upande mwingine wa anga, akiiangalia Vega kwa ubavu, angeona nyota iliyopoa zaidi na iliyofifia zaidi. Nyota ni ileile. Jibu linategemea umesimama wapi. Mimi nilisimama miguuni mwa mtoto, dada alikuwa tumboni.

Uhuru wa Malindi

Mzazi unaweza kusema haya ni mambo ya Chile na California. Si hayo tu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa na timu ya Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya wenyeji ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei angani. Ndiyo, eksirei ileile ya kupigia picha mfupa uliovunjika. Gesi ikifikia joto la mamilioni ya nyuzijoto haitoi tu mwanga wa kuonekana, inatoa eksirei, na hewa ya Dunia inazizuia zisitufikie. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo peke yake.

Mojawapo ya ilivyoviona ni mapigo ya eksirei yanayojirudia kila baada ya sekunde 4.8, kama mapigo ya moyo, kutoka mahali paitwapo Centaurus X-3. Ilieleweka kwamba ni mabaki ya nyota iliyokufa, yenye upana wa kilometa 20 hivi, yanayojizungusha mara moja kila mpigo. Hiyo Achernar yetu ya siku moja na nusu ni ya polepole mbele yake.

Na Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa Kiswahili walikitazama kujua msimu wa kulima, nacho kina nyota za mbio. Mojawapo, Pleione, inazunguka kwa kasi kiasi kwamba imetupa gesi yake nje ikawa kama pete kiunoni.

Mzazi, jioni ya leo

Huhitaji darubini. Haya unaweza kuyafanya nyumbani:

• *Boga la karatasi.* Kata vipande viwili vyembamba na virefu vya karatasi ngumu. Vikunje kuwa duara, vipishanishe kama msalaba uwe umetengeneza tufe. Toboa juu na chini, pitisha kijiti. Juu kibane, chini kiache kilegee. Zungusha kijiti kati ya viganja. Tufe litabonyea mbele ya macho ya mtoto, kama Achernar.

• *Rangi za nyota.* Usiku wa Desemba au Januari usio na mawingu, mwonyeshe mtoto Achernar kusini na Betelgeuse mashariki. Muulize ipi ina moto zaidi. Wengi watasema nyekundu, kwa sababu bomba la maji ya moto huwekewa alama nyekundu. Hapo mkumbushe chuma cha mhunzi.

• *Nyota, si Jua.* Nyota za usiku aangalie apendavyo. Jua asiliangalie moja kwa moja hata kidogo, kwani huharibu macho.

Na kwa kuwa hili lilianza na homa:

• *Usipime kwa miguu wala mikono.* Kama huna kipimajoto, shika tumbo, kifua au mgongo. Kama unacho, kiweke kwapani, mkono ubane vizuri, usubiri mpaka kilie. Nyuzijoto 37.5 na kuendelea kwapani ni homa.

• *Kifaa cha paji la uso kina masharti.* Mtoto aliyetoka juani, aliye na jasho au aliyepanguswa kwa maji atatoa namba isiyo sahihi. Mpumzishe kwanza, kisha rudia.

• *Namba isikucheleweshe.* Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa malaria mapema. Asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri apelekwe kituoni saa hiyohiyo, hata kama kipimajoto kinaonyesha joto la kawaida. Mikono na miguu ya baridi kwa mtoto aliyelegea ni sababu ya kukimbia, si ya kutulia.

Kwapa la nyota

Nilipiga simu Matiri baada ya kumaliza kusoma. Dada akaweka sauti ya juu ili kijana asikie. Nikamweleza yote, boga, ncha za moto, kiuno kilichopoa, watu waliopima mara mbili.

Akanyamaza muda. Kisha akauliza: "Kwa hiyo walipima kwapani?"

Nikamwambia nyota haina kwapa, ndiyo maana wakapima kila mahali.

"Haya," akasema, kama mwalimu anayepokea daftari. "Na nani anaizungusha?"

Nilianza kumweleza kwamba nyota huzaliwa kutoka kwenye wingu kubwa la gesi, na wingu likijikusanya huzidi kuzunguka, kama mcheza ngoma anayekunja mikono. Dada akaingilia.

"Hilo ni la kesho, baba. Kalale." Kisha, kwangu: "Kipimajoto chako ulikiacha hapa. Nimekitundika mlangoni. Usikidai."

Sitakidai.